Fomu za Mama Theodori

Jumapili, 4 Mei

Kikao cha sita, nyumbani kwangu hapa Karatu. Wamekuja watatu. Mwezi wa pili walikuwa saba.

Chapati kumi na mbili, birika mbili za chai ya maziwa. Vyote vimekwisha. Watu wanakula vizuri kuliko wanavyocheza.

Asubuhi meneja wa lodji, ninakofanya kazi ya mapokezi, aliniuliza tena huo mchezo wangu ni kitu gani, nikababaika tena. Ngoja nijizoeze hapa. Ni mchezo wa mezani. Karatasi, penseli, dadu. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mimi ndiye msimulizi: nasema kilichotokea, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu inaamua kama ameweza. Familia zinahama na mifugo milimani, ukame uko nyuma yao. Unaitwa Malisho. Nimehangaika nao miaka minne, tangu wageni wa chumba namba nne waliposahau mfuko wa dadu na kitabu cha sheria za mchezo wa kwao. Vilikaa mapokezi miezi sita, hakuna aliyeviulizia. Nikavichukua.

Basi. Si vigumu. Kesho nitababaika tena.

Mchapishaji wa Arusha hajalegeza sharti lake. Vikao kumi, wajaribu wasiopungua watatu, walewale mwanzo mpaka mwisho, na fomu zao zote za maoni. Mmoja akitoka, hapokei kitu. Nina watatu kamili. Sina wa akiba.

Kwa hiyo nawabembeleza. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo. Barnaba anaendesha magari ya watalii wiki nzima, akasema kwenye mchezo hataki kuona hata tairi. Nikampa mganga anayetembea kwa miguu. Saning'o, mlinzi wetu pale lodji, kwao ni Ngorongoro juu, alitaka dume jeusi la ng'ombe. Nikampa. Jina alilompa dume huyo hakuna mwingine mezani anayeweza kulitamka. Mama Theodori wa kijiji cha Daa alitaka binti. Nikamwambia mchezo huu hauna watoto. Akasema basi yeye anarudi kupalilia. Sheria ya watoto niliiandika palepale, nimesimama.

Binti anaitwa Agnesi. Alianza na miaka saba. Kila kikao ni mwaka, sasa ana kumi na miwili. Ng'ombe wetu mezani ni visoda vya chupa, lakini Agnesi ni punje ya maharage mekundu ambayo Mama Theodori huja nayo mwenyewe, amefunga kwenye ncha ya kitenge. Mama wa miaka sitini na kitu, anaishi peke yake, mwanawe Theodori yuko Arusha. Hajakosa hata kikao kimoja. Misa ikiisha anapanda bodaboda, anakuja.


Jumanne, 6 Mei

Nimepitia fomu zote za wale watatu. Vikao sita, fomu kumi na nane. "Mchezo umekufurahisha kiasi gani, moja hadi tano?" Tano. Tano. Tano. Sehemu ya maoni: "Mzuri sana." "Uko vizuri." "Mungu akubariki."

Halafu nikatoa fomu za wale wanne walioacha. Nao tano tupu! Mmoja aliandika "nitakuja daima" na ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho.

Nimekasirika. Watu wetu hawakwambii chai yako haina sukari. Wanakunywa, wanashukuru, hawarudi. Baadaye unasikia kulikuwa na msiba Endamarariek, kulikuwa na mgeni, mahindi yaliingiliwa na ng'ombe.

Na Saning'o alipiga miayo mara nne Jumapili. Nilihesabu.


Alhamisi, 8 Mei

Barnaba katuma ujumbe. Huenda Jumapili ana safari. Huenda. Nalijua hilo "huenda."

Nimekirudia kitabu cha wale wageni. Kinasema wachezaji wakianza kupoa, tia hatari. Hatari ya kweli, wapoteze kitu wanachokipenda. Mimi kwa kuwabembeleza nimewapa kila kitu na sijawanyang'anya chochote. Hilo ndilo kosa.

Kwa hiyo mafuriko. Familia zinavuka mto, maji yanashuka ghafla. Dadu inachagua nani anakumbwa. Nimeandika orodha ya wote, watu na mifugo. Natumaini itaangukia dume la Saning'o. Hapo ataacha kupiga miayo.

Nataka washtuke.


Jumapili, 11 Mei

Kikao cha saba. Sijui niandike nini.

Walikuja wote. Barnaba aliahirisha safari yake. Nilianza vizuri, nje mvua inapiga bati, ilinisaidia. Nikasimulia maji yanavyoshuka na mawe. Nikarusha dadu ya kuchagua. Ikamwangukia Agnesi.

Mama Theodori akarusha ya kuokoa, ile ya pande ishirini. Alihitaji kumi na zaidi. Ikatoka mbili.

Saning'o akasogeza kisoda chake cheusi mbele yangu. Akasema, "Dada, chukua huyu dume. Mwache mtoto." Barnaba akasema mganga wake anaruka majini. Wote wananitazama. Miezi mitatu nimetafuta macho ya namna ile.

Nami nikasema sheria hairuhusu. Nikasema, "Mto umemchukua." Nilisema hivyo kwa sauti yangu ya msimulizi. Najichukia.

Mama Theodori akaokota punje yake, akaifunga kwenye kitenge, akajifunika shuka kichwani, akatoka mvuani. Chai hakugusa. Fomu aliondoka nayo mkononi, nadhani alisahau kama anayo.

Barnaba ameosha vikombe bila kuombwa. Saning'o alipofika mlangoni akaniambia, "Ungeweza kumwacha." Akaenda.


Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia mara sita. Hapatikani.

Nimekwisha. Watatu ndio hao, na mmoja nimemfukuza mwenyewe. Na nikiwa mkweli, nusu ya hofu yangu ni ya mchapishaji. Nusu tu. Nusu nyingine ni ule mgongo wake ukitoka mlangoni.


Jumatano, 14 Mei

Niandike kwa mpangilio, la sivyo kesho nitadhani niliota.

Saa tatu asubuhi niko mapokezi, nawapa wageni funguo. Anaingia Mama Yustina, mwenyekiti wa jumuiya ya kule Daa, matope mpaka magotini. Namfahamu kwa sura tu. Hakusalimia. Akasema mbele ya wageni, "We Vero! Mtoto wa watu anafia kwako, na wewe umekaa hapa unagawa funguo?"

Nikauliza mtoto gani.

"Agnesi! Agnesi wa Mama Theodori! Siku tatu tuko msibani, wewe hata pole?"

Nilishika meza. Kweli nilishika meza kwa mikono miwili.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumatatu Mama Theodori hakuonekana shambani. Mama Yustina akaenda, akamkuta amekaa chini sakafuni, analia. Unalia nini? Agnesi amekufa. Amefia wapi? Kwa Vero, Karatu mjini. Amekufaje? Mto umemchukua. Kila alichojibu kilikuwa kweli. Na kwa mvua hizi nani angeuliza zaidi? Wakaona ni mjukuu, au mtoto wa kulea aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwangu. Theodori alipigiwa Arusha, akasema hamjui Agnesi yeyote. Wakaona ni siri ya familia, wakamwacha. Wakaanza kuleta kuni.

Nikamwambia Mama Yustina kuna kosa. Nikasema ni mchezo. Akanitazama kama anamtazama mlevi. Nikasema ni punje ya maharage. Ikawa mbaya zaidi.

Barnaba alikuwa getini anasubiri wageni wake wa mchana. Alipoona uso wangu akafungua mlango wa gari bila kuuliza. Saning'o akapanda nyuma na rungu lake. Kwenye njia ya Daa gari liliteleza mara mbili kwenye ule udongo mwekundu. Mama Yustina alikuwa anasali rozari.

Turubai lilikuwa limefungwa. Mabenchi ya kigango, kanisa lao dogo. Masufuria mawili ya makande motoni. Wanawake kama arobaini, khanga viunoni. Wanaume nikawaona wachache, nikauliza wengine wako wapi. Mzee mmoja akanionyesha kwa kidole chini kule. Korongoni. Wanatafuta mwili, wakidhani maji yameushusha huko.

Siku tatu! Wanaume tisa na kamba, ndani ya maji ya mvua, wanamtafuta mtoto niliyemuua mimi kwa dadu ya plastiki. Mmoja angeteleza je? Mmoja angekufa kweli je? Saning'o alikwisha kuanza kukimbia kuwaita. Shuka lake lilionekana likishuka mteremko, halafu halikuonekana.

Niliingia ndani. Mama Theodori alikuwa kwenye mkeka, kichwa wazi, wanawake wawili wamemshika. Nikapiga magoti. Nikamwambia mama, nisamehe, naenda nje kuwaambia mimi mwenyewe. Kosa ni langu.

Akawaambia wale wanawake watoke. Akanishika mkono, akaniambia nikae.

Kulikuwa na Agnesi. Hilo ndilo aliloniambia. Kabla ya Theodori. Oldeani, kwenye nyumba za vibarua wa kahawa, mumewe alikuwa kibarua pale. Alizaliwa hakulia. Mama mkwe akamchukua, akamzika nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda. Halafu mila ya wakati ule. Mwanamke aliyezaa mtoto asiye na uhai alifungiwa ndani peke yake, miezi. Alionekana ana mkosi. Jirani havuki kizingiti. Maji hachoti na wenzake. Aliletewa chakula mlangoni, aliyeleta akageuka akaenda zake. Hakuna aliyempa pole. Jina alimpa yeye mwenyewe, humo ndani, na hakumwambia mtu, hata mumewe mpaka alipokufa.

"Yustina aliniuliza nalia nini," akasema. "Jina likatoka lenyewe. Halafu nikaona wanaleta kuni. Mwanangu, sikuwahi kuletewa kuni. Nikashindwa kuwazuia."

Miezi mitatu huyu mama ameniambia mbele ya uso wangu anataka binti, nami nikaandika kwenye daftari: "Mchezaji wa 3 apewe mtoto ili asiache."

Nje tukasikia wanaume wamerudi. Akafunga kichwa, akatoka kabla sijasimama.

Alisimama karibu na masufuria. Wanaume wale tisa, matope mpaka kifuani, mmoja amejikata goti. Akawaambia yote. Mchezo, mto, punje. Kisha Oldeani. Sauti haikupanda. Alipomaliza akasema, "Nimewadanganya kwa kunyamaza. Anayetaka kuondoka aondoke, sitamlaumu."

Mwanaume mwenye kamba akaiangusha chini. Nilidhani watanipiga mimi. Nilitaka wanipige.

Nikamwangalia Mama Yustina kwa sababu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Uso wake ulikuwa umekaza. Hasira, hasira kabisa. Akamwendea Mama Theodori, akasimama mbele yake. Akasema, "Miaka yote hiyo tunapalilia wote. Hujaniambia." Halafu akageuka akaangalia moto. "Makande yanaungua. Nani anakoroga?"

Mwanamke mmoja akachukua mwiko. Wanaume wakakaa kwenye mabenchi na matope yao. Hakuna aliyeondoka.


Alhamisi, 15 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Nimechota maji, nimemenya vitunguu. Wanawake hawaniongeleshi. Sawa.

Katekista alikuja. Aliomba kwa jina: Agnesi. Mama Theodori alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nililia mimi, akalia Barnaba ambaye hata hakuwa na sababu ya kuwapo.


Jumamosi, 17 Mei

Wazee wameniweka kikao. Mwenyekiti wa kitongoji alisema watu wangeweza kufa korongoni kwa ajili yangu, na hilo ni kweli, nikasema ni kweli. Nimeagizwa nimfunge kidonda yule aliyejikata goti mpaka apone, na nimpalilie shamba la maharage aliloliacha siku tatu. Nimekubali. Saning'o amesema atakuja kupalilia na mimi. Sijawahi kumwona Mmaasai akishika jembe kwa hiari yake. Wazee nao walishangaa.

Nimemwandikia mchapishaji: majaribio yamesimama kwenye kikao cha saba. Sikueleza. Nieleze vipi?


Jumatano, 21 Mei

Nimepalilia. Mgongo umekatika. Saning'o ameng'oa maharage pamoja na magugu, mwenye shamba akacheka mpaka akasahau goti lake.

Tukiwa tumekaa kupumzika Saning'o akasema ile sheria yangu ni mbovu. Kimsingi ni mbovu, tangu kikao cha kwanza. Kwao mtu anaruhusiwa kutoa chake amwokoe mwenzake, na mchezo usioruhusu hilo unasinzisha. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwenye fomu. Akanishangaa. "Fomu si ilikuwa ya kushukuru chai?"

Fomu ishirini na moja kama zote zingerudi. Nilikuwa nakusanya shukrani za chai.


Jumapili, 25 Mei

Sikumwita mtu. Nilipika chapati kwa mazoea tu, kumi na mbili, nikajiambia nitazila wiki nzima.

Saa nane Barnaba akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Saning'o akafuata. Ukungu ulikuwa umeshuka, baridi ya Juni imewahi kufika. Tukasikia bodaboda.

Mama Theodori. Nyuma yake Mama Yustina, na pochi kubwa, na uso uleule.

Mama Theodori akanipa karatasi imekunjwa mara nne. Fomu ya kikao cha saba. Ameijaza kwa kalamu nyekundu. Kwenye moja hadi tano: mbili. Kwenye maoni, kwa mwandiko wa polepole: "Mto ulikuwa mzuri, niliuona. Mtoto asichaguliwe kwa dadu. Usiseme mto umemchukua kwa haraka vile, subiri mtu apumue. Saning'o aruhusiwe. Chapati chumvi imezidi siku zote."

Nimeisoma mara tatu. Nitaipeleka Arusha kama ilivyo. Ndiyo fomu ya kwanza niliyowahi kupata.

Nikamwambia sheria ya Saning'o nimeiandika tayari, na kwamba tunaweza kurudi nyuma. Dume aende, Agnesi abaki. Niko radhi.

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Watu wameshakula msibani kwake."

Akauliza tulikuwa tumefikia wapi. Nikasema ng'ambo ya mto, asubuhi, mvua imekatika, maji yamepungua. Nikamuuliza mhusika wake anafanya nini.

"Namtafuta."

Mkono wangu ukaenda kwenye dadu. Nikaurudisha. Nikasema, umemwona, yuko kwenye majani, karibu. Akafungua ncha ya kitenge, akaweka punje juu ya ramani, pale ukingoni. Nikasubiri apumue.

"Namzika."

Saning'o akasema yeye anachimba. Barnaba akasema mganga wake anashika upande wa kichwa. Mama Yustina, ambaye hana mhusika wala karatasi, akauliza kama mgeni anaruhusiwa kuleta kuni. Nikasema anaruhusiwa.

Mama Theodori akachukua kisoda kimoja, akaifunika ile punje taratibu. Tukakaa. Nje bodaboda yake ilikuwa bado inamsubiri, hatukumkumbuka dereva wa watu mpaka alipobisha hodi, tukampa chai.

Fomu leo sikugawa. Chapati zimebaki nane, chumvi imezidi.